Rivolva Uwanjani: Mwongozo Kamili wa Kuanza Kulenga Shabaha kwa Bastola ya Silinda

Ukiingia uwanja wa shabaha wa ndani Jumamosi mchana, iwe Texas, Ohio au Minnesota, wengi utakaowakuta wanapiga bastola za magazini: risasi kumi na tano mfululizo, maganda yanaruka na kutua kwenye kola ya jirani. Mwenye rivolva utamjua kwa ukimya wa katikati. Anapiga sita, anafungua silinda, ile ngoma ya matundu inayobeba risasi, anamwaga maganda, anaitazama karatasi yake, anajaza tena moja moja. Kwa kasi ameachwa mbali. Kwa raha, mimi nasema yeye ndiye aliyeitumia saa yake vizuri zaidi.

Raha hiyo ina mahali pake mahususi, nayo ni mvuto mrefu wa triga. Rivolva ya kisasa ukiivuta triga bila kutega kwanza kinyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, kidole kimoja kinafanya kazi tatu: kinazungusha silinda, kinainua kinyundo, kisha kinakiachia. Kazi hiyo inataka nguvu ya kama kilo 4.5 hadi 5.5, na bastola yenyewe ya ukubwa wa kati haizidi sana kilo 1.1. Kuvuta uzito mara nne ya silaha uliyoishika, bila kuitikisa, ndio mchezo wenyewe. Mengine yote hapa chini ni njia ya kufika hapo.

Sheria kwanza

Naandika kwa walioko Marekani. Kenya na Tanzania silaha ya mtu binafsi haishikwi bila leseni, na anayetaka kuanza huko aanzie kwa mamlaka ya leseni, si kwenye makala.

Marekani kwenyewe kuna mtego unaowanasa watu wetu bila wao kujua. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo F-1, ya matembezi B-2 au ya kazi H-1B, amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki na hata kushika silaha au risasi. Kukodi bastola nusu saa uwanjani nako kumo. Kuna misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Raia na mwenye grini kadi hawaguswi na katazo hilo. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai amezuiwa, awe raia au asiwe. Usimsikilize binamu anayekwambia “twende tu, pale hawaulizi.” Uwanja huenda usiulize. Afisa wa uhamiaji atauliza.

Kununua bastola kwenye duka lenye leseni kunataka umri wa miaka 21, kujaza Fomu 4473, na kukaguliwa kwenye mfumo wa FBI uitwao NICS au ule wa jimbo. Majimbo nayo yanaongeza masharti yao: Illinois inataka kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mwenye silaha, Massachusetts inataka leseni, California inakusubirisha siku 10. Ila usinunue bado. Kodi kwanza, upige aina mbili tatu, ndipo ufungue pochi.

Jambo moja la kukodi lisikushangaze: viwanja vingi havimkodishi silaha mgeni aliyekuja peke yake. Ni tahadhari dhidi ya mtu anayetaka kujidhuru, na ni tahadhari ya maana. Nenda na mwenzako, ikiwezekana anayejua mchezo, au lipia saa moja ya mwalimu wa uwanja.

Unachovaa

Mlio wa .357 Magnum, aina ya risasi kali ya rivolva, unapita desibeli 160, wakati masikio huanza kuumia papo hapo kwenye mlio wa ghafla wa desibeli 140. Kwenye uwanja wa ndani, ambako ukuta unarudisha sauti, vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake. Miwani ya kinga ni lazima hata kama tayari unavaa miwani ya kusomea. Shati liwe limefungwa shingoni na kofia iwe na ukingo wa mbele. Rivolva yako haitupi maganda ila ya jirani inatupa, na ganda la moto likikuingia kifuani utaruka, nawe umeshika silaha. Kwa akina mama, blauzi ya shingo pana iache nyumbani siku hiyo.

Uchague rivolva ipi

Ushauri wangu haujabadilika kwa yeyote aliyeniuliza: bastola ya chuma, mtutu wa inchi 4, matundu sita, ya .357 Magnum, na uipige risasi za .38 Special. Maelezo yake ni haya. .38 Special ilitoka kwa Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1935 ikaja .357 Magnum, risasi ya unene uleule lakini ganda lake likirefushwa kama milimita 3.4, makusudi, ili isiweze kuingia kwenye bastola za zamani zisizohimili shinikizo lake. Kwa hiyo bastola ya .357 inapiga risasi za aina zote mbili, ya .38 inapiga ya .38 peke yake. Unapata chuma kizito kilichotengenezwa kubeba risasi kali, unakilisha risasi pole, na teke linakuwa dogo kiasi kwamba utaona alama ya kulengea inainuka na kurudi mahali pake.

Smith & Wesson 686 na Ruger GP100 ndizo utakazozikuta kwenye makabati ya kukodisha karibu kila mahali, na zote zinafaa. Ukiona Model 10 ya zamani, ya watengenezaji walewale wa 686, iliyokuwa ya polisi inauzwa kwa bei ya heri, itazame vizuri. Hiyo ni .38 tupu na alama zake hazirekebishiki, lakini triga za baadhi yake zimelainishwa na miaka mingi ya kazi. Colt Python ilirudi sokoni mwaka 2020. Ni nzuri, na bei yake inajua kwamba ni nzuri.

Kaa mbali na vitu viwili. Cha kwanza ni vile virivolva vya mfukoni vya mtutu usiofika inchi 2, vyenye uzito wa gramu 400 hivi. Vimeumbwa kubebwa, si kufurahiwa, na vinapiga kiganja kama fimbo. Cha pili ni .44 Magnum mikononi mwa anayeanza. Kuna watu huona ni kichekesho kumpa mgeni bastola kubwa ili wamrekodi akiyumba. Mtu huyo atabeba woga wa ule mlio kwa muda mrefu, na kuutoa ni kazi kuliko kufundisha lolote lingine. Mtu akikuletea hiyo kwanza, mshukuru na umrudishie.

Kama mfuko ni mwembamba, .22, yaani bastola ya risasi ndogo, ni njia halali kabisa. Ruger Wrangler iliyotoka mwaka 2019 ni ya bei ndogo, ya mtindo wa kizamani, yaani kila risasi unatega kinyundo kwa dole gumba. Smith & Wesson 617 ni ghali zaidi, lakini ina matundu kumi na ule mvuto mrefu tunaoutafuta. Risasi za .22 zinagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya .38.

Kuhusu risasi, kuna aina ya .38 ambayo wageni wengi hawaijui: ile yenye kichwa bapa cha grain 148, kama gramu 9.6, iliyozama yote ndani ya ganda. Inakwenda polepole, haina makeke, na inakata karatasi tundu la duara safi. Uliza dukani kama wanazo, na uliza uwanjani kama wanaziruhusu, kwa kuwa nyingi ni za madini ya risasi yasiyofunikwa shaba na viwanja vingine vya ndani vinazikataa. Zikikosekana, chukua za grain 130 au 158 za kawaida. Na usome ubavu wa ganda: .38 S&W si .38 Special, ingawa majina yanafanana.

Usalama

Kanuni nne zinazofundishwa karibu kila mahali Marekani zimetokana na mwalimu Jeff Cooper. Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi. Usiielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka alama ziwe juu ya shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mtu akivunja moja, nyingine tatu kwa kawaida humwokoa. Akivunja mbili kwa pamoja, mtu anaumia.

Uwanja ukitangazwa “baridi,” weka bastola mezani silinda ikiwa wazi na tupu, rudi nyuma, mikono mbali. Usiiguse hata kuifuta vumbi. Amri ya kusitisha inaweza kutolewa na yeyote anayeona hatari, hata wewe mgeni, na kila mtu anaacha hapo hapo.

Sasa ya rivolva yenyewe. Kati ya uso wa silinda na mwanzo wa mtutu kuna upenyo mdogo, sehemu ya kumi ya milimita hadi robo milimita hivi. Kila risasi inapopita, gesi ya moto na chembe za madini vinachomoka pembeni kwa nguvu inayoweza kukata kidole. Aliyezoea bastola za magazini hunyoosha dole gumba mbele bila kufikiri, na likifika pale ataijutia. Vidole vyote vikae nyuma ya uso wa silinda, daima. Anayekutazama asimame nyuma yako, si ubavuni.

Ukivuta triga ukasikia “tik” tu, shikilia mtutu kuelekea shabaha na usubiri sekunde 30 kamili. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio dhaifu, kama “puf” badala ya kishindo, hilo ni baya zaidi: huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake bastola inaweza kupasuka. Acha, fungua, toa kila kitu, mwite msimamizi.

Kujaza na kumwaga

Kitufe cha kufungulia silinda hutofautiana. Smith & Wesson unakisukuma mbele, Colt unakivuta nyuma, Ruger unakibonyeza ndani. Silinda inatokea kushoto, na kwa anayetumia mkono wa kulia inapokewa na vidole viwili vya kati vya mkono wa kushoto vinavyopitishwa kwenye fremu.

Elekeza mtutu chini kidogo, upande wa mbele wa uwanja, dondosha risasi moja moja, kisha irudishe silinda kwa kiganja taratibu mpaka isikike imekaa. Ule mchezo wa sinema wa kuifyatua kwa kutikisa mkono unapinda mkono mdogo unaobeba silinda, na fundi atakulipisha.

Kumwaga ni kinyume: mtutu juu, bado kuelekea mbele, kisha piga kijiti cha kutolea maganda pigo moja thabiti. Ukikisukuma kwa kubembeleza, ganda moja hubaki nusu njia na kuteleza chini ya nyota ya kutolea, kile kipande cha nyuma ya silinda kinachosukuma maganda, na hapo silinda haifungi wala haifunguki. Mtutu ukiwa juu, baruti ambayo haikuungua nayo inaanguka nje badala ya kujificha chini ya nyota hiyo.

Rivolva za mtindo wa kizamani, kama zinazoiga Colt ya mwaka 1873, hujazwa kupitia mlango mdogo wa pembeni. Zisizo na kizuizi cha ndani cha kinyundo hubebwa na risasi tano tu: jaza moja, ruka moja, jaza nne, tega kinyundo kikamilifu, kisha kishushe taratibu juu ya tundu tupu. Ruger waliingiza kizuizi hicho mwaka 1973, na bastola zao za kabla ya hapo wanaziwekea bila malipo ukiwapelekea.

Mshiko na ule mvuto

Ushike mpini juu kabisa, ngozi kati ya dole gumba na shahada ikifika karibu na kinyundo bila kukizuia. Mshiko wa chini unaipa bastola nafasi ya kuruka juu. Mkono wa pili ufunike vidole vya wa kwanza, na dole gumba lake likae juu ya lile jingine likikunjwa chini. Ubane kwa nguvu, hasa mkono wa pili, lakini usitetemeke. Miguu upana wa mabega, kifua kiegemee mbele kidogo. Msimamo si siri kubwa. Vitabu vimeuandikia kupita kiasi.

Macho yatazame alama ya mbele. Iwe kali, shabaha nyuma yake ififie. Hili kila mtu analisikia na karibu kila mtu analisahau risasi ya tatu, kwa sababu anataka kuona ametoboa wapi.

Kisha triga. Weka kidole kwa ndani zaidi kuliko ulivyozoea, karibu na ufa wa kiungo cha kwanza, ili upate nguvu. Anza kuvuta na usisimame. Silinda itazunguka, kinyundo kitapanda, na wewe endelea kwa kasi ileile mpaka kishindo. Wako wanaovuta mpaka karibu na mwisho, wakasita, wakarekebisha, kisha wakamalizia. Wataalamu wanabishana juu ya hilo na baadhi yao wanapiga vizuri sana hivyo. Kwa anayeanza nalikataa: kule kusita kunageuka kuwa kunyakua. Baada ya kishindo, fuatisha kwa kuiachia triga irudi mbele yote. Ukiiachia nusu, silinda inaweza kukwama au kuruka tundu.

Kutega kinyundo kwa dole gumba kunapunguza mvuto mpaka kilo moja na nusu hivi, na karatasi yako itapendeza mara moja. Piga chache namna hiyo siku ya kwanza ujue bastola inapiga wapi, kisha uache. Ukiizoea njia hiyo, umenunua rivolva ili usiitumie.

Nyumbani fanya zoezi la kuvuta bila risasi. Risasi zote zihamishiwe chumba kingine, tazama matundu yote, tazama tena, elekeza ukuta imara, na umwombe kila mtu atoke. Simamisha sarafu juu ya alama ya mbele. Ukivuta triga mara kumi bila sarafu kuanguka, umefika mbali. Kwenye .22 soma kijitabu kwanza, kwani nyingine zinaumia kinyundo kikigonga tundu tupu.

Kuutoa woga

Hapa rivolva inashinda silaha nyingine zote kama mwalimu. Mwili wa binadamu haupendi mlipuko mbele ya uso. Sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kishindo, mkono unajikaza na kusukuma mtutu chini ili kulipinga teke ambalo halijafika. Wewe hulioni, kwa sababu bastola inaruka wakati huohuo na kuficha ushahidi. Karatasi ndiyo inasema: matundu yanashuka chini, na kwa anayetumia mkono wa kulia mara nyingi chini kushoto.

Weka risasi tatu nzima na maganda matatu matupu kwenye silinda, yamechanganyika. Izungushe, ifunge bila kutazama, au mpe mwenzako akujazie. Sasa piga. Kinyundo kikigonga ganda tupu, hakuna kishindo cha kukuficha, na mtutu ukichovya utauona mwenyewe, na mwenzako atauona pia na atacheka. Ni haki yake. Hapa usisubiri sekunde 30 kwa kila “tik”, lakini mtutu usitoke kwenye shabaha na kidole kitoke kwenye triga kabla ya kuvuta tena. Risasi nzima yoyote iliyogongwa na haikulia, ikirudi kwenye mzunguko, utajua kwa kuhesabu: tatu zilipaswa kulia. Zikilia mbili, hapo ndipo unasubiri kabla ya kufungua.

Endelea mpaka “tik” iwe inakuja na alama ya mbele haitikisiki. Wengine wanafika siku hiyohiyo, wengine inawachukua miezi, na baada ya likizo ndefu woga hurudi kimyakimya. Ukiwa na boksi moja tu la risasi, nusu yake itumie hapa.

Siku moja uwanjani

Boksi la risasi 50 linatosha. Anza na shabaha kwenye yadi 5, kama mita 4.5, si mbali zaidi. Piga kumi kwa kutega kinyundo. Halafu zoezi la maganda matupu. Zilizobaki zipige kwa mvuto mrefu, sita kwa sita, ukiishusha bastola mezani kati ya mizunguko na kuuacha mkono upumue. Usitafute katikati ya duara. Tafuta matundu kukusanyika pamoja. Yakijikusanya ndani ya upana wa sahani ndogo, peleka karatasi yadi 7, kisha 10. Yadi 25 ipo, nayo itakusubiri.

Kidole kikianza kuuma, umemaliza, hata kama risasi zimebaki.

Kabla ya kula, kunywa au kumshika mtoto, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi. Moshi wa fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, na vumbi la uwanja vina madini ya risasi, ambayo hudhuru zaidi watoto. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake.

Usafi

Hakikisha ni tupu. Piga brashi kila tundu kutoka nyuma, chini ya nyota ya kutolea, uso wa mbele wa silinda, na ule upenyo. Mtutu hauna njia ya kuusafisha kutoka nyuma, kwa hiyo pitisha kijiti kwa mbele bila kukwaruza mdomo wake. Kwenye .357 iliyolishwa .38 utakuta pete nyeusi ndani ya matundu, pale ganda fupi lilipoishia. Isipotolewa, siku utakapoweka risasi ndefu hazitaingia vizuri. Tone la mafuta kwenye kijiti cha kutolea maganda na mhimili wa silinda, si zaidi. Kisha kabati lenye kufuli, risasi mahali pengine.

Ukishanogewa

Karatasi ikianza kukuchosha, kuna mashindano. ICORE, chama cha mashindano kilichoanzishwa 1991, ni ya rivolva peke yake. Chama cha SASS kinapiga kwa mavazi na bastola za zama za wachunga ng'ombe na reli, na watu wake ni wakarimu kupita kiasi; utapewa mkanda, ala ya bastola na chakula kabla hujajitambulisha. USPSA, chama kingine cha mashindano ya bastola, nayo ina kundi la rivolva. Ukitaka kujua kidole kinaweza kufika wapi, mwaka 1999 bingwa wa rivolva Jerry Miculek alipiga sita, akajaza, akapiga sita tena, zote kwa sekunde 2.99.

Wewe utakuwa wa mwisho mechi ya kwanza, na hakuna atakayejali. Piga simu kabla, sema ndiyo mara yako ya kwanza na kwamba utakuja na rivolva, uliza kama unahitaji ala na vifaa vya kujazia haraka, na ufike mapema kwa maelezo ya usalama. Aliyekosa maelezo hayo mara nyingi haruhusiwi kupiga.